Nchi Iliyowafunga Wafungaji

Nchi hiyo siijui. Naanza kwa kusema hivyo kwa sababu umri huu nilionao umenifundisha kwamba ukisema unaijua nchi, watakuja watu kukuuliza nani kakutuma uijue. Jina lake silijui, bendera yake siijui, na mkubwa wao nikipishana naye sokoni leo nitamuuliza bei ya nyanya. Haya yalitokea huko, hapo zamani, zamani yenyewe ya juzijuzi.

Katika nchi hiyo heshima iligawanywa kwa kipimo, kama mafuta ya taa. Aliyekaa juu kabisa aliitwa Mheshimiwa Mno. Mawaziri wake walikuwa Waheshimiwa Sana. Wakuu wa polisi na wa magereza walikuwa Waheshimiwa Kiasi, na madiwani wakaitwa Waheshimiwa Hivyohivyo. Sisi wengine, nimeteleza ulimi, wao wengine waliitwa wananchi wapendwa. Na mtu akikuita mpendwa redioni, ujue siku hiyo kuna kitu kimepanda bei.

Sasa likatokea gazeti moja likaandika kwamba paa la hospitali kuu linavuja, na wagonjwa wa wodi ya pili wanalala na miavuli. Mheshimiwa Mno akasoma, akahema mpaka miwani ikaingia ukungu. Jioni akahutubia taifa.

"Wananchi wapendwa, nchi yetu ina amani, ina utulivu, na ina paa. Lakini wapo watu kazi yao ni kutushambulia. Asubuhi wanashambulia, jioni wanashambulia, hawachoki! Ninaagiza washambuliaji wote wakamatwe kabla ya Jumapili!"

Mkuu wa polisi aliisikia hotuba akiwa bafuni, akapiga saluti humohumo na sabuni kichwani. Mbio mpaka ofisi ya gazeti, akakuta mhariri kashavuka mpaka, kaacha chai mezani inafuka moshi. Ijumaa ikapita. Jumamosi alasiri bado hana mshambuliaji hata wa kubahatisha, na Jumapili haina breki. Yuko kituoni kashika tama, mara redio ya koplo ikapiga kelele:

"Mshambuliaji hatari huyo! Sudi Mkwepu! Anashambulia kutoka kushoto, amemlaza beki wa kwanza, anatafuta nafasi ya kuua, anaachia kombora! Hatari, hatari kubwa!"

Mkuu wa polisi akasimama taratibu, kama mtu aliyeuona mwezi wa Idd kabla ya wenzake.

"Jamani," akasema, "kumbe wanatangazwa mpaka na majina!"

Sudi Mkwepu alikamatwa wakati wa mapumziko akinyonya chungwa. Alikuwa mtoto pekee wa Bi Mwajabu, mpishi wa uji katika hospitali hiyohiyo ya miavuli. Kesi haikuchukua muda. Hakimu alikuwa mtu msomi, mpira hakuwahi kuutazama, alisema unapandisha vumbi.

"Mshitakiwa, unakubali kwamba wewe ni mshambuliaji?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Tangu shule ya msingi."

"Tangu utotoni," hakimu akanong'ona huku akiandika. "Na shahidi anasema siku hiyo uliotea mara nne."

"Mara tatu, mheshimiwa. Ile ya nne mshika kibendera alinionea."

"Kwa hiyo mara tatu ulikaa ukawaotea watu. Ulikuwa peke yako?"

"Tulikuwa mimi na namba kumi."

"Namba kumi naye aletwe!"

Bi Mwajabu akasimama kule nyuma. "Mheshimiwa hakimu, mwanangu anacheza mpira."

"Kaa chini, mama. Uhalifu wote huanza kama mchezo."

Basi Sudi akafungwa. Akafuata namba kumi, akafuata namba tisa wa bandari, akafuata namba tisa wa reli, na winga mmoja mwembamba ambaye alijitetea kwamba yeye hupiga krosi tu. Aliambiwa anayeshika ngazi na anayepanda wote wezi. Kufika mwisho wa msimu walikuwa kumi na tisa, na nchi nzima haikuwa na mshambuliaji wa dawa.

* * *

Waliobaki uraiani wakawa mabeki. Ukimkuta mtu na jezi namba tisa, anakwambia ni sita, imepinduka kwenye kufuliwa.

Ligi ikaendelea, tena kwa utulivu wa ajabu. Mabeki kumi na mmoja wanalinda lango hili, mabeki kumi na mmoja wanalinda lango lile, mpira umekaa katikati ya uwanja peke yake kama yatima. Kila mechi bila kwa bila. Waziri wa Michezo na Utulivu, Mheshimiwa Sana Mtumweni, akaita waandishi akawaambia kwamba nchi imefikia amani ya kudumu langoni, na mataifa makubwa yanakuja kujifunza.

Siku moja mbuzi aliingia uwanjani, akaunusa mpira, akausukuma kwa pua mpaka akavuka mstari wa kati. Askari wawili wakamrukia. Kesi yake ilipangwa baada ya sikukuu, lakini mshitakiwa hakufika mahakamani. Walinzi wa gereza walieleza kwamba siku ya sikukuu alizidiwa ghafla, na pilau lilikuwa zuri.

Amani hiyo ingeendelea mpaka leo kama si barua ya mchezo wa kimataifa. Nchi jirani, waitwao watu wa Ng'ambo, walikuwa wanakuja kucheza, na Mheshimiwa Mno alikuwa ameshaahidi kwamba tutashinda. Alipokuwa anaahidi hakuulizwa kwa miguu ya nani. Kanga zilishachapwa, nyekundu na nyeupe, zimeandikwa pindoni USHINDI ULIKUWA LAZIMA. Ukiona serikali imeandika "ulikuwa" juu ya jambo la wiki ijayo, usibishane nayo. Nunua kanga, ukadekie.

Waziri Mtumweni akamwita kocha wa taifa, Lukindo, mtu mwembamba mwenye kofia.

"Kocha, unapungukiwa nini?"

"Mheshimiwa, sina mshamb—"

"Shhh!" Waziri akaruka akashusha pazia. "Ofisini kwangu? Sema kwa adabu!"

Kocha akafikiri. "Sina mtu wa kufunga, mheshimiwa."

Uso wa waziri ukakunjuka kama chapati kwenye mafuta. "Kufunga? Kufunga tu? Ee bwana, si ungesema tangu jana! Serikali hii kama kuna kazi moja inaiweza, ni kufunga."

Akainua simu akamwita mfungaji bora wa taifa. Alikuwa Mkuu wa Magereza, Mheshimiwa Kiasi Afande Mkongea, ambaye msimu ule alikuwa amefunga watu wengi kuliko wote waliomtangulia, bila kuumia hata siku moja. Alifika mazoezini na buti zake, tumbo lake na mkungu wa funguo kiunoni. Wakuu wakakaa kivulini kutazama.

"Afande," kocha akasema, "ukipewa mpira, funga goli lile."

Afande Mkongea akautazama mpira, akauona hauna maana. Akaenda moja kwa moja golini, akatoa mnyororo mfukoni, akauzungusha kutoka mlingoti wa kushoto mpaka wa kulia, akatia kufuli, akavuta mara mbili kuhakikisha.

"Limefungwa," akasema. "Hapapiti hata inzi."

Wakuu wakapiga makofi wakisimama. Kocha Lukindo akakaa juu ya nyasi, akavua kofia, akaifunika usoni.

Waziri hakukata tamaa. Akaamuru siku ya Jumatatu taifa zima lifunge, wa msikitini wafunge, wa kanisani wafunge, na wasiokwenda kokote wafunge kwa uzalendo. Magharibi akatangaza matokeo: "Upande wetu wamefunga watu milioni tisa. Upande wa Ng'ambo hajafunga hata mmoja. Tunaongoza milioni tisa kwa bila!" Watu wakashangilia kwa sauti ndogo, maana njaa ilikuwa kali. Kesho yake wakubwa wa mpira wa dunia wakajibu kwamba mabao ya tumboni hayahesabiki.

Ndipo waziri akakumbuka, kwa uchungu, kwamba wale watu wa kazi hiyo anao. Amewaweka.

* * *

Akaenda gerezani siku ya Ijumaa, ambayo ni siku ya kutembelea. Bi Mwajabu alikuwa kwenye benchi na chupa yake ya uji, pamoja na wanawake wengine, mama na wake wa wale kumi na wanane wengine. Sudi akaletwa nyuma ya wavu. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Sudi mwanangu," waziri akaanza.

"Baba yake yuko kaburini," Bi Mwajabu akasema, "na alikuwa mmoja."

Waziri akakohoa. "Sudi, taifa linakuita."

"Lilishaniita, mheshimiwa. Ndiyo nimeitika niko huku."

"Utatoka leo. Utavaa jezi. Ila neno lile hutaitwa tena, utaitwa Mlinzi wa Mbele Kabisa. Na kabla ya mchezo utasema redioni kwamba ulikuwa lile neno, na sasa umetubu."

"Nilikuwa namba tisa, mheshimiwa. Namba inatubiwaje?"

"Hutaki kutoka?"

Sudi akatazama chini. "Nataka sana. Lakini tuko kumi na tisa. Namba kumi ana mtoto anatambaa hajamwona hata uso. Nikitoka peke yangu nikacheza, hawa nitawapigia mpira wapi?"

Nisiwadanganye: Bi Mwajabu alitaka mwanawe atoke. Angepewa nafasi angembeba mgongoni vilevile alivyo, na miguu ikiburuta. Akafungua mdomo amwambie, "Kubali, mjinga wewe." Kisha akawaona wanawake wa lile benchi. Wanatazama vidole vyao. Akaumeza ule usemi, na mlijue koo la mama, si kila kitu kinapita.

"Mheshimiwa," akasema, "umemsikia. Ni kumi na tisa."

"Mama, haya ni mambo ya nchi!"

"Na mimi nimezaa wapi, hewani? Akifunga goli, watoke wote. Hiyo ndiyo bei. Na useme kwenye kipaza sauti, hapa mbele ya watu, maana maneno yenu ya chumbani hayaishi mpaka kesho."

Sasa waziri yule alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kipaza sauti hawezi kupita bila kusema. Gereza lilikuwa nacho, cha kuitia majina. Akakishika, akasafisha koo.

"Wananchi wapendwa! Serikali inaahidi: Sudi akifunga, hawa hawafungwi tena."

"Asipofunga?" Bi Mwajabu akauliza.

"Asipofunga, wanaendelea kufungwa."

"Na tukifungwa?"

"Tukifungwa, wanafungwa zaidi, na tutaangalia nani mwingine wa kufunga."

"Na wewe ukishindwa kutimiza, nani atakufunga?"

Kipaza sauti kikazimwa kwa sababu za kiufundi.

* * *

Siku ya mchezo uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Mheshimiwa Mno alikaa kwenye kochi kubwa, kando yake Mheshimiwa Sana, wengine wakafuata kwa kadiri ya heshima zao. Wale kumi na wanane waliletwa kwa karandinga la gereza, likaegeshwa nyuma ya goli la wageni, ili Sudi kila akiinua macho aone anachokichezea. Mlangoni pa karandinga akasimama Afande Mkongea na funguo zake. Wale wanawake wa Ijumaa walipewa nafasi jua kali, upande huohuo, na hawakulalamika.

Timu ya taifa ilikuwa mabeki kumi na Sudi. Mabeki wale miguu ilishasahau njia. Wakifika mstari wa kati wanasimama, wanatazama kushoto na kulia kama watu wanaovuka barabara. Mtangazaji wa redio alikuwa na askari pembeni yake, na kazi alikuwa nayo:

"Sudi anapokea mpira, anakwenda kulinda, analinda mbele kabisa, anawalinda wageni ndani ya nyumba yao! Anamlinda beki wa kwanza, beki yuko chini kwa kulindwa! Sudi analinda kwa nguvu... aaah, ulinzi umegonga mwamba!"

Mchezo ukaenda hivyo, bila kwa bila, jua likiteremka, karandinga likichemka kama sufuria. Dakika zimebaki za kuhesabu kwa vidole, Sudi akawapita wawili, wa tatu akamkata mtama ndani ya boksi. Mwamuzi, mgeni kutoka nchi ya mbali asiyejua lugha yetu, nasema yao, akapuliza: penalti.

Nyie! Watu walikumbatiana na maadui zao. Ndani ya karandinga vikasikika vishindo. Bi Mwajabu hakushangilia. Alifunga masombo kiunoni, akaweka mikono kichwani. Goli moja. Mguu mmoja, mpira mmoja, watoto kumi na tisa.

Sudi akauweka mpira kwenye nukta, akarudi nyuma. Mara spika za uwanja zikakoroma. Alikuwa waziri.

"Wananchi wapendwa! Tunawatangazia kwamba goli linalokuja litafungwa na Mheshimiwa Mno, kwa kuutumia mguu wa Sudi. Kwa mujibu wa sheria, mwenye mamlaka ya kufunga katika nchi hii ni mmoja. Sudi hatakuwa amefunga. Kwa hiyo yale makubaliano ya gerezani hayahusiki. Makofi kwa Mheshimiwa Mno!"

Makofi hayakuja. Karanga zikasikika zikimenywa.

Mjue hesabu ilivyokaa. Akipiga ikaingia, kafunga mkubwa na wenzake wanarudi ndani. Akipiga ikatoka, kakosa Sudi na wenzake wanarudi ndani. Mwamuzi akapuliza filimbi, piga. Sudi akautazama mpira. Kisha akageuka kulikabili lile kochi kubwa, akaweka viganja mdomoni.

"Basi kama anafunga yeye," akapaza, "aje apige yeye!"

Halafu sauti moja kutoka juani, ya mwanamke aliyezoea kuita wodi nzima ije kwenye uji: "Aje!"

"Aje!" wakaitikia kumi. "Aje! Aje!" wakaitikia wote, na miguu wakiipiga chini. Mheshimiwa Mno akaangalia nyuma yake, labda anaitwa mwingine.

Sudi hakungoja. Aliuacha mpira pale ulipo, akaanza kutembea. Akampita kipa wa wageni, akampa mkono, akapita pembeni ya goli akaelekea karandinga. Bi Mwajabu akavuka kizuizi, kanga mkononi. Wanawake wa Ijumaa wakavuka. Kisha jukwaa la jua lote likateremka, pole pole, bila kukimbia, kama watu wanaotoka msibani.

Mkuu wa polisi akanyanyua redio yake ya mkononi. "Wanashambulia?"

"Hapana, afande," askari akajibu. "Wanatembea."

Wale mabeki kumi nao wakavuka mstari wa kati, safari hii hakuna aliyeangalia kushoto wala kulia. Wakalizunguka karandinga, wakashikana mikono, migongo kwa gari, nyuso kwa polisi.

"Nyie mnafanya nini hapo?"

"Sisi walinzi, afande," akajibu beki wa kulia. "Tunalinda."

Polisi wakatazamana. Kulinda hakukukatazwa. Wakatafuta vichwani mwao amri nyingine. Nchi ile ilikuwa na sheria za kufunga mpaka makabati yanalalamika, ila ya kufungua haikuwapo hata moja, hakuna aliyewahi kufikiri itahitajika.

Afande Mkongea alibaki katikati yao na funguo zake, jasho linamtiririka. Bi Mwajabu akasimama mbele yake. Alimfika kifuani.

"Fungua, baba."

"Mama, mimi ni mfungaji. Kufungua sijui."

"Ni vilevile. Unazungusha upande wa pili."

"Nitaulizwa."

"Sema walinzi walikuwepo."

Afande akatazama jukwaa la wakubwa. Kochi lilikuwa tupu. Waheshimiwa walikuwa wanagombea mlango wa nyuma, safari hii bila kufuata kadiri ya heshima. Akachagua ufunguo, akautia kwenye kufuli. Ukakwama. Akazungusha upande aliouzoea, Bi Mwajabu akampiga kofi mkononi, akazungusha upande wa pili.

Walitoka wakipepesa macho. Namba kumi aliwekewa mtoto mikononi, mtoto akaangua kilio kwa kumwona mgeni, na baba yake akalia zaidi yake. Bi Mwajabu akamshika mwanawe sikio, mbele ya watu wote.

"Penalti nzima umeiacha?"

"Nimewaachia, mama."

"Umekonda kama utambi. Twende ukale."

* * *

Usiku ule redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Mno amefunga goli la pekee, la kichwa. Watu wa Ng'ambo walirudi kwao bado wanaulizana nani kashinda. Waziri Mtumweni alishushwa cheo, sasa ni Mheshimiwa Hivyohivyo, anashughulikia mifereji. Polisi waliambiwa wawarudishe wale kumi na tisa, wakaenda kweli, nyumba kwa nyumba. Kila nyumba walikuta mtaa mzima umekaa barazani, mama wa watu wanachambua mchele. Ukiwauliza mnafanya nini hapa, wanakujibu kwa adabu kabisa kwamba wanalinda. Wakarudi tena, wakakuta vilevile. Mara ya tatu walikaribishwa chai, na hawakwenda tena.

Mpira wenyewe, nasikia, bado uko kwenye nukta ya penalti, umewekewa askari wawili, mpaka Mheshimiwa Mno apate nafasi ya kuja kuumalizia. Hajapata. Siku za Jumamosi askari hao wanateseka, kwa sababu nyuma ya ukuta kuna kiwanja cha vumbi ambako Sudi na wenzake wanacheza, na watu wanajaa, na hakuna anayenong'ona. Juzi mmoja wao alishindwa kuvumilia. Akaegemeza bunduki kwenye mlingoti wa goli, akapanda ukutani, akamwona Sudi kasimama na mpira mbele ya mabeki wawili, anachelewa. Akavua kofia ya serikali akaipungia hewani.

"We namba tisa!" akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka. "Unangoja nini? Shambulia!"